Kadi Kubwa, Fremu Chache: Uchambuzi wa Kisa cha Kompyuta Moja ya Michezo Mjini Lubumbashi

Kisa ninachokichambua hapa ni cha kompyuta moja ya michezo katika komini ya Kampemba, mjini Lubumbashi. Mwenye kompyuta ni kijana wa chuo kikuu anayecheza Counter-Strike 2, mchezo wa mtandaoni wa kufyatuliana risasi kwa timu, karibu kila usiku umeme unapokuwapo. Aliinunulia kompyuta hiyo kadi mpya ya grafiki aina ya GeForce RTX 4070 pamoja na skrini ya hezi 165, akitarajia mchezo wake uwe laini kuliko wakati wowote, kisha akakuta kwamba karibu hakuna kilichobadilika. Nakieleza kwa urefu kwa sababu ununuzi wa namna hii unafanywa na vijana wengi, na kwa sababu katika mji ambao vifaa vingi huingia kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, au kwa ndege, gharama ya usafiri na ushuru ikiongezwa juu ya bei, pesa iliyoelekezwa pasipohitajika ni vigumu kuirudisha.

Hali ilivyokuwa

Kompyuta yenyewe ilikuwa imejengwa juu ya mazabodi (bodi kuu inayounganisha vifaa vyote) ya B450, ikiwa na kichakataji Ryzen 5 2600 cha mwaka 2018 chenye viini 6 na nyuzi 12 (mifululizo ya kazi inayoweza kuendeshwa kwa wakati mmoja), RAM, yaani kumbukumbu ya muda, ya DDR4 ya gigabaiti 16 katika kijiti kimoja, pawa saplai ya wati 650, na kadi ya grafiki GTX 1060 ya gigabaiti 6, ambayo ilitoka mwaka 2016. Skrini ya zamani ilikuwa ya hezi 60. Kwa skrini hiyo hakuna kilichopungua: kichakataji na kadi vilikuwa na nguvu zinazokaribiana, na katika mchezo huu vyote viwili vilizidi mahitaji ya skrini inayobadilisha picha mara 60 tu kwa sekunde. Mambo yalibadilika ilipokuja skrini mpya, kwa maana skrini ya hezi 165 inaidai kompyuta fremu, yaani zile picha moja moja zinazounda mwendo, karibu mara tatu ya zile za awali, na mwenye kompyuta alikuwa ameielekeza pesa yake yote upande mmoja tu wa deni hilo.

Alipofunga RTX 4070 na kufungua mchezo, hesabu ya fremu iliyokuwa ikizunguka 100 kwa sekunde ilipanda hadi 110 au 115 hivi. Katika ile dakika inayomhusu mchezaji kuliko zote, yaani pale moshi umetupwa na watu watano wanaingia mlango mmoja wakifyatua risasi, ilishuka chini ya 70. Alinijia na boksi la kadi mkononi, risiti ikiwa ndani yake. “Yaya, hii karte ni ya bongo, feza yangu inapotea bule,” ndivyo alivyoanza. Duka lilikuwa limeshakataa kuirudisha kadi, naye alitaka mtu wa kumthibitishia kwamba ameuziwa kitu bandia. Nilimwambia, “Mudogo yangu, ngoja tupime kwanza,” na vipimo tulivyofanya ndivyo vinavyobeba uchambuzi huu.

Yaliyoondolewa kwanza

Tuhuma ya kadi bandia haikuwa ya kupuuzwa. Zipo kadi za zamani ambazo programu yake ya ndani hubadilishwa ili zijitambulishe kwa jina la kadi mpya, na mnunuzi asiyezipima hugundua baadaye sana. Njia ya kuhakikisha ni kuisoma kadi kwa programu ya GPU-Z na kulinganisha maelezo yake na yale rasmi: RTX 4070 halisi ina viini vya CUDA 5,888, gigabaiti 12 za kumbukumbu ya GDDR6X (au GDDR6 katika toleo la baadaye), na njia ya kumbukumbu yenye upana wa biti 192. Vyote vilikuwapo. Tena kadi bandia inaweza kusema uongo kuhusu jina lake lakini si kuhusu kazi yake, kwa hiyo tulifungua mchezo mzito wa Cyberpunk 2077 tukailazimisha kuchora kwa resolusheni (idadi ya nukta za picha) ya 3840 kwa 2160 huku picha zikiwa katika kiwango cha juu kabisa. Hapo kadi ilifika asilimia 99 ya matumizi na kuvuta karibu wati 200, ambacho ndicho kiwango chake rasmi. Kadi ilikuwa nzima na halali, na duka halikuwa na kosa katika jambo hili.

Tulichokikuta katika skrini ni kidogo, lakini kingeweza kuharibu kila kipimo kilichofuata. Skrini ilikuwa imeunganishwa kwa waya wa HDMI uliotoka kwenye skrini ya zamani, na Windows ilikuwa bado inaiendesha kwa hezi 60, kwa maana mfumo huo mara nyingi hauichagui kasi ya juu wenyewe. Ni lazima mtu aingie katika mipangilio ya kina ya skrini aichague. Maana yake ni kwamba hata zile fremu 110 zilizohesabiwa, macho ya mchezaji hayakuziona zaidi ya 60. Isitoshe, tundu la HDMI la skrini hiyo liliishia hezi 144, kama ilivyo kwa skrini nyingi za daraja lake, na hezi 165 zilipatikana kwa DisplayPort, tundu la aina nyingine, peke yake. Tulibadilisha waya, tukachagua 165, na hapo hapo kijana akasema panya imekuwa nyepesi mkononi. Hata hivyo hesabu ya fremu haikusogea, na ile michepuko ya kushuka chini ya 70 sasa ilionekana wazi zaidi kuliko mwanzo.

Joto nalo lilikaguliwa, kwa sababu vumbi jekundu la kiangazi lilikuwa limefunika feni ya kichakataji kama blanketi. Baada ya kusafisha, joto lilipungua vizuri, fremu zikabaki pale pale.

Milisekunde 6

Ili kuelewa kilichobaki, ni lazima tuache kuhesabu fremu kwa sekunde tuhesabu muda wa fremu moja. Skrini ya hezi 60 inaipa kompyuta milisekunde 16.67 za kutengeneza kila fremu. Skrini ya hezi 144 inaipa 6.94, ya hezi 165 inaipa 6.06, na ya hezi 240 inaipa 4.17. Ndani ya muda huo fremu hupita mikononi mwa wawili. Kichakataji husoma panya na kibodi, hupokea taarifa za mtandao, huhesabu kila mchezaji yuko wapi na risasi imempata nani, kisha huandaa orodha ya amri za kuchora. Kadi ya grafiki huzipokea amri hizo na kuzijaza rangi, nuru na vivuli, nukta kwa nukta. Wawili hawa hufanya kazi kwa wakati mmoja juu ya fremu tofauti, mmoja akimalizia hii wakati mwingine anaandaa ile inayofuata, na kwa hiyo mwendo wa wote wawili ni mwendo wa yule aliye mzito zaidi. Mashine ya kusaga mahindi inaweza kuwa na mota kubwa kiasi chochote, lakini unga hautatoka haraka kuliko mkono unaomimina mahindi.

Kuna tofauti moja kati ya wawili hawa ambayo ndiyo msingi wa kulinganisha vifaa, nayo husahaulika madukani. Kazi ya kadi hutegemea wingi wa nukta: picha ya 1920 kwa 1080 ina nukta 2,073,600, ya 2560 kwa 1440 ina 3,686,400, na ya 3840 kwa 2160 ina 8,294,400, yaani mara nne kamili ya ile ya kwanza. Kazi ya kichakataji haitegemei nukta hizo. Wachezaji kumi uwanjani ni wale wale kumi, risasi ni zile zile, taarifa za mtandao ni zile zile, uchore kwa resolusheni ndogo au kubwa. Kwa hiyo mtu anayetafuta fremu nyingi kwa resolusheni ya 1080 ameipunguzia kadi mzigo na kukiongezea kichakataji, kwa kuwa kila fremu inayoongezwa ni hesabu nyingine nzima ya dunia ya mchezo. Kasi ya juu ya skrini ni jambo linaloamuliwa kwanza na kichakataji, na uzuri wa picha ndio unaoamuliwa na kadi. Mwenye kompyuta hii alinunua uzuri wakati alichokuwa akitafuta ni kasi.

Hilo si la kuaminiwa kwa maneno matupu, na kipimo chake ni rahisi kiasi kwamba kila mtu anaweza kukifanya nyumbani kabla ya kutoa senti yoyote. Tulichukua sehemu moja ya mchezo, tukaipita kwa resolusheni ya 1080, kisha tukashusha hadi 720, kisha tukapandisha hadi 1440 kwa kutumia DSR (mpangilio wa kadi unaochora picha kubwa kuliko skrini kisha kuipunguza), na kila mara hesabu ya fremu ilibaki palepale, kati ya 110 na 115. Kama kadi ndiyo ingekuwa kikwazo, kushusha resolusheni kungeongeza fremu na kuipandisha kungezipunguza. Wakati huo huo kielelezo cha matumizi ya kadi kilionyesha asilimia 35 hadi 40 kwa 1080: zaidi ya nusu ya muda wake, kadi ilikuwa imekaa ikisubiri amri.

Hapa kijana alitoa hoja ambayo nimeisikia kwa wengi, na inastahili kujibiwa kwa heshima kwa sababu inatokana na kitu alichokiona kwa macho. Alifungua dirisha la Windows linaloonyesha kazi ya kompyuta, akanionyesha kwamba kichakataji nacho kilikuwa kinatumika asilimia 40 tu. Kama kichakataji hakijachoka na kadi haijachoka, nani basi anayechelewesha? Jibu ni kwamba ile asilimia 40 ni wastani wa nyuzi zote 12. Mchezo haugawi kazi yake sawasawa kwa nyuzi zote; upo uzi mmoja mkuu unaobeba mpangilio wa kila fremu, na mingine huusaidia kwa vipande. Tulipobadilisha mchoro ule uonyeshe kila uzi peke yake, tuliona mmoja au miwili ikigonga dari huku mingine ikiwa karibu imelala. Kichakataji chenye viini 6 kinaweza kushindwa kabisa huku kikionyesha kwamba kina nafasi tele, na anayesoma wastani pekee atainunua kadi ya pili, na hata ya tatu, bila kupata dawa.

Kwa nini uzi huo mmoja ulikuwa mzito hivyo? Sehemu ya sababu ni umri wa Ryzen 5 2600, ambayo mwendo wake wa juu ni gigahezi 3.9 na ambayo viini vyake 6 vimegawanywa katika makundi mawili ya viini 3, kila kundi likiwa na kache yake, yaani kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo ndani ya kichakataji, ya megabaiti 8. Kiini kinachohitaji data iliyo katika kundi jingine hulazimika kuifuata kupitia njia ya ndani iliyo ya polepole zaidi, na injini ya mchezo huhitaji data ya namna hiyo mara nyingi sana katika kila fremu. Njia hiyo ya ndani, katika vichakataji vya kizazi hicho, hufuata mwendo wa RAM. Hapo ndipo tulipofika kwenye kijiti kimoja cha RAM, na kwa kweli hicho ndicho kilichonisikitisha zaidi katika kisa chote, kwa sababu tiba yake ni ya bei ndogo kuliko vifaa vingine vyote.

Mazabodi ya aina hii ina njia mbili za kumbukumbu. Kijiti kimoja hutumia njia moja, na nusu ya upana huachwa bure. Zaidi ya hayo, kijiti chake kilichoandikwa 3200 kilikuwa kikienda kwa 2400, kwa kuwa wasifu wa XMP, ule mpangilio unaoipa RAM mwendo wake ulioandikwa, haukuwa umewashwa katika BIOS, programu ya msingi ya bodi. Bila wasifu huo RAM ya DDR4 huanza kwa mwendo wa chini wa kawaida, na hakuna ujumbe wowote unaomwarifu mwenye kompyuta. Tuliazima kijiti cha pili kinachofanana, tukavipachika katika tundu la pili na la nne kuhesabu kutoka kwenye kichakataji, ambazo ndizo tundu sahihi za vijiti viwili kwenye bodi nyingi, tukaweka mwendo wa 2933, ambao ndio wa juu rasmi kwa kichakataji hicho. Fremu zilipanda hadi zikawa zinakaribia 140, na zile za kushuka zikawa juu ya 80. Kadi ya mamia ya dola ilikuwa imeleta kumi na ushei. Kijiti kimoja cha RAM na mpangilio mmoja vilileta zaidi ya ishirini.

Kuchagua kichakataji

Hata hivyo 140 si 165, na kushuka hadi 80 ni milisekunde 12.5 kwa fremu, mara mbili ya muda ambao skrini inaruhusu. Kichakataji chenyewe kilipaswa kubadilishwa, na hapa mwenye kompyuta alikuwa na bahati ambayo hakuijua: tundu la kichakataji la AM4 lililo kwenye bodi yake linakubali vichakataji vya kizazi cha Ryzen 5000, BIOS ikishasasishwa. Kuhamia AM5, tundu lililoanza mwaka 2022, kungemlazimu anunue mazabodi mpya na RAM ya DDR5 pia, na kwa mtu wa Lubumbashi hivyo ni vifurushi vitatu vya kusafirishwa badala ya kimoja.

Tulilinganisha viwili. Ryzen 5 5600, iliyotoka mwaka 2022 kwa bei ya dola 199 nchini Marekani, ina viini 6 kama ile ya zamani, lakini viini vyote vinashiriki kache moja ya megabaiti 32 na mwendo wake unafika gigahezi 4.4. Ryzen 7 5700X3D, iliyotoka Januari 2024 kwa dola 249, ina viini 8 na kache ya megabaiti 96, na kache kubwa namna hiyo ndiyo inayofaa michezo ya ushindani kuliko kuongeza viini, kwa kuwa data inayohitajika kila mara hubaki karibu na kichakataji badala ya kufuatwa kwenye RAM. Kwa skrini ya hezi 240 nisingesita kumwambia asubiri hiyo ya pili hata kama ingechukua wiki nyingi njiani. Kwa skrini ya 165 niliona 5600 inatosha: ilikuwapo mjini, inakuja na feni yake ikiwa imo ndani ya boksi lake rasmi, inatumia wati 65 tu, na fedha itakayobaki ingeweza kununua kijiti cha RAM na UPS (betri inayoibeba kompyuta umeme ukikatika). Kijana alipendelea ile kubwa kwa sababu ya jina lake. Tuliketi na hesabu, na hatimaye alichagua 5600 kwa hiari yake.

Hesabu yenyewe inastahili kuwekwa hapa. RTX 4070 ilitoka mwaka 2023 kwa dola 599. RTX 4060 ilitoka mwaka huo huo kwa dola 299. Ukijumlisha 4060 na 5700X3D, kwa bei hizo rasmi, unapata dola 548, ambazo ni pungufu kuliko bei ya 4070 peke yake. Kwa mchezo wa Counter-Strike 2, kwa resolusheni ya 1080, jozi hiyo ingempa fremu nyingi na thabiti kuliko 4070 iliyokaa juu ya Ryzen 5 2600, tena ingevuta wati 115 upande wa kadi badala ya 200. Bei za mjini kwetu ni tofauti, lakini uwiano ni ule ule. Jambo moja la kuangalia katika jozi hiyo ni kwamba 4060 hutumia njia 8 tu za PCIe, zile zinazopitisha data kati ya kadi na bodi, na bodi za B450 ni za PCIe 3.0, kwa hiyo hupoteza kidogo zaidi kuliko 4070 yenye njia 16, hasa kumbukumbu yake ya gigabaiti 8 inapojaa. Kwa michezo myepesi ya ushindani hasara hiyo si kubwa.

BIOS na umeme

Kusasisha BIOS ni lazima kufanyike kabla ya kuondoa kichakataji cha zamani, kwa sababu bodi ambayo haijasasishwa haitakitambua kile kipya na skrini itabaki nyeusi. Wakati programu inaandikwa kwenye chipu, umeme ukikatika, bodi inaweza isiwake tena, isipokuwa ikiwa ni miongoni mwa zile zenye kitufe cha kuandika BIOS upya kutoka kwenye flashi. Bodi hii haikuwa na kitufe hicho. Mtu anayeishi katika mtaa ambao umeme unakatika bila taarifa hapaswi kufanya kazi hiyo kwa kubahatisha, na ndiyo sababu niliweka UPS katika bajeti kabla ya kichakataji.

Tulipakua faili kutoka ukurasa rasmi wa mtengenezaji wa bodi, tukalinganisha jina la modeli na toleo lililochapwa kwenye bodi yenyewe karibu na tundu za RAM, kwa sababu bodi mbili zenye majina yanayofanana zinaweza kuwa na faili tofauti. Flashi iliandaliwa kwa mfumo wa faili wa FAT32. UPS iliachwa ichaji mpaka ikajaa, kisha tukaijaribu kwa kuchomoa plagi ukutani na kuiangalia ikibeba kompyuta. Ikiwa ndani ya BIOS, kompyuta haichezi mchezo wowote na hutumia umeme kidogo, kwa hiyo hata UPS ndogo huimudu kwa muda wa kutosha. Kazi ilikwisha bila tatizo. Tukawasha kwa kichakataji cha zamani kuhakikisha toleo jipya limesomwa, tukazima, ndipo tukafungua feni. Mafuta ya zamani ya joto yalikuwa yamekauka na kushika, na katika bodi za AM4 kichakataji huweza kung’oka pamoja na feni pini zake zikapinda, kwa hiyo feni huzungushwa taratibu kushoto na kulia, kompyuta ikiwa imetoka kufanya kazi na bado ina joto, mpaka iachie yenyewe.

Matokeo, na yaliyobaki kuamuliwa

Kwa Ryzen 5 5600 na vijiti viwili vya RAM kwa 3200, wastani wa Counter-Strike 2 ulivuka 200, na katika moshi na mapigano fremu zilikuwa kati ya 120 na 140. Mtu anaweza kusema 120 bado iko chini ya 165, na ni kweli, lakini skrini hii ina uwezo wa kubadilisha kasi yake ifuate fremu zinazokuja, na kushuka hadi 120 kwa muda mfupi hakuonekani kama mkwamo. Tuliweka kikomo cha fremu 158, chini kidogo ya kasi ya skrini, ili teknolojia hiyo isitoke nje ya mipaka yake na ili kompyuta isichome umeme kutengeneza fremu ambazo skrini haiwezi kuzionyesha. Reflex, ambayo mchezo huu unaikubali, iliwashwa pia, kwa kuwa hupunguza foleni ya amri kati ya kichakataji na kadi na kufupisha muda kati ya kubofya na kuona.

Marafiki zake walikuwa wamemshauri awashe ule uundaji wa fremu wa DLSS 3 badala ya kununua kichakataji. Ushauri huo una ukweli ndani yake, lakini haukuhusu kisa hiki. Katika mchezo kama Cyberpunk 2077, kadi ya RTX 4070 inaweza kuingiza fremu za ziada kati ya zile halisi bila kupitia kwa kichakataji, na mwendo huonekana laini. Mkono wa mchezaji, hata hivyo, hujibiwa kwa fremu halisi tu, na katika mchezo wa kulenga na kufyatua hizo ndizo zinazohesabiwa. Isitoshe, Counter-Strike 2 haina DLSS. Ina FSR ya kukuza picha, nayo hupunguza kazi ya kadi, yaani ya yule ambaye tangu mwanzo hakuwa amelemewa.

Kwa kadi yenyewe, iliyokuwa ikilaumiwa bure, lilibaki swali la kuitumia. Kwa 1080 bado haifiki nusu ya uwezo wake katika mchezo huu, na kwa hiyo tulipandisha ubora wa picha, vivuli na ulaini wa kingo bila kupoteza fremu. Si mipangilio yote iliyo hivyo, hasa katika michezo mingine: umbali wa kuona, wingi wa watu barabarani na ufuatiliaji wa miale ya mwanga hukigusa kichakataji pia, na kila mmoja hupaswa kujaribiwa peke yake. Mahali pake hasa ni resolusheni ya 1440, na nimemshauri kwamba skrini itakayofuata, wakati wowote itakapokuja, iwe ya resolusheni hiyo kwa hezi zile zile 165, kwa kuwa kichakataji hakitaongezewa mzigo na kadi itapata kazi inayoistahili. Asinunue ya 1080 yenye hezi 240 na kukirudisha kichakataji kwenye deni lile lile.

Ryzen 5 2600 na GTX 1060 havikuuzwa. Vilifungwa kwenye mazabodi nyingine ya AM4 iliyopatikana mjini ikiwa imetumika, pamoja na ile skrini ya hezi 60, na sasa ni kompyuta ya dada yake anayecheza mpira wa EA Sports FC baada ya masomo. Hapo kichakataji kina milisekunde 16.67 kwa kila fremu, kadi ina milisekunde zile zile, na vyote viwili vinamaliza kabla ya muda.